Boda ya stima Nairobi: pikipiki iko sawa, kampuni ndo uiangalie vizuri

Wacha nianze na pesa kwa sababu kila mtu akisimama hapa steji kuniuliza kuhusu hii pikipiki hilo ndo swali la kwanza, alafu la pili ni kama inapanda mlima. Inaokoa pesa, ndio. Inapanda mlima, ndio, hata ukiwa umebeba mteja mnene na gunia la viazi juu, nimeitoa kule chini Kangemi mpaka juu barabarani na haikulia. Kama ni hayo tu ulitaka kujua unaeza kuachia hapo. Lakini kama uko karibu kuweka saini na kutuma dipoziti soma mpaka chini, maana shida za hii kitu haziko kwenye pikipiki, ziko kwa wenye pikipiki.

Jina la kampuni yangu siweki. Hapa steji tuko na watu wa kampuni tofauti tofauti, tukikaa mchana tunasengenya, na malalamiko yanafanana mpaka nikitaja moja nitakuwa naionea bure.

Sasa pesa. Boxer yangu ya zamani nilikuwa naiwekea mafuta ya mia nne kwa siku ya kawaida, foleni ikiwa mbaya mia tano, na mnakumbuka Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217 na ushee hapa Nairobi, hapo ndo wengi wetu tulianza kuziangalia hizi za stima kwa jicho lingine, sio ati tulipenda mazingira ghafla. Siku hizi nabadilisha betri mara mbili, kazi ikiwa mingi mara tatu, na jioni nikipiga hesabu nakuta kilichobaki mfukoni kimezidi cha enzi za Boxer kwa kama mia na hamsini hivi. Tangazo lao lilisema gharama itapungua nusu. Kwangu haijafika nusu, nadhani waliopiga hiyo hesabu waliendesha barabara tupu Jumapili asubuhi wakiwa hawajabeba mtu. Lakini mia na hamsini kila siku ni karo ya mtoto, siwezi kuidharau.

Pesa nyingine imejificha kwa gereji. Hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna kabureta ya kusafisha, hakuna klachi ya kukatika ukiwa katikati ya Outer Ring na mteja anaangalia saa. Kinachoisha ni breki padi na tairi, na tairi ya nyuma inaisha haraka kuliko nilivyozoea kwa sababu hii mashine ni nzito na inaondoka kwa nguvu. Ubaya sasa, kitu kikiharibika ndani, kontrola kwa mfano, kile kisanduku kinachogawia mota stima, fundi wako wa Grogan hana la kufanya. Mikono anayo, akili anayo, spea hana, na hata akiipata kwa ya kwangu lazima kwanza iingizwe kwa mfumo wa kampuni ndo iwake. Kwa hivyo unaipeleka kwao, unapanga laini, na hizo siku imelala kwao malipo yako ya kila siku yanaendelea kuhesabiwa kama kawaida. Niliwauliza wakaniambia ndo mkataba. Ni kweli iko kwa mkataba, ukurasa wa nyuma, maandishi ya sisimizi.

Kuendesha kwenyewe ni raha tupu, hapo sitadanganya mtu. Ukigusa tu inatoka, hakuna gia, hakuna kutetemeka, na zile jioni ulikuwa unafika nyumbani mkono umekufa ganzi na mguu wa kulia umechomeka na egzosi zimeisha. Kuna mteja wangu nesi wa shifti ya usiku, siku ya kwanza nimembeba aliniuliza kama imezima, nikamwambia mama tuko mwendo wa hamsini, akacheka akasema ni kama kubebwa na friji. Tangu hapo ananipigia mimi tu. Akina mama wanaipenda hii kitu, nguo hazinuki mafuta na unaeza kuongea na mtu nyuma bila kupayuka. Ile kimya yake lakini ni hatari ukiingia Muthurwa au Gikomba, watu wanatembea katikati ya barabara wamezoea kusikia nduthi kabla waione, kwa hivyo unapiga honi mpaka inakuwa aibu. Watu wa mikokoteni ndo wabaya zaidi, hao hata honi hawasikii.

Mvua nayo. Ile mvua ya Aprili na Mei 2024 iliyofurika Mathare watu wakapoteza maisha na manyumba, barabara zikawa mito, kuna wenzangu waliingiza hizi mashine kwa maji ya magoti na zikatoka. Kampuni ilituambia zinavumilia maji. Zinavumilia, isipokuwa pale mahali plagi ya betri inaingia, kile kifuniko kidogo cha mpira kikipotea (na kinapotea, kila mtu wangu wa steji amekipoteza) matope yanaingia kwa zile pini, alafu pikipiki inaanza kuzima na kuwaka yenyewe kwa matuta. Dawa yake ni kitambaa kikavu na uvumilivu, nabeba kimoja chini ya siti.

Sasa tuje kwa betri maana hapo ndo biashara yote iko. Pikipiki nalipia mimi kidogo kidogo mpaka siku moja iwe yangu, lakini betri sio yangu na haitawahi kuwa yangu, ni ya kampuni, mimi nalipia stima iliyomo tu. Kituo ninachotumia sana kiko pembeni ya petroli stesheni, kibanda cha mabati na kabati kubwa lenye milango midogo midogo, kila mlango una taa. Unafika, unachomoa betri yako, na usicheke, hicho kitu ni kizito, mtu akiwa na mgongo mbaya afikirie mara mbili, unasukuma kwa mlango ulio wazi, kijana wa pale anaskani, simu inalia, mlango mwingine unafunguka unachukua iliyojaa. Ikienda vizuri unamaliza kabla hujateremsha helmeti. Hakuna petroli stesheni itakushughulikia haraka hivyo.

Shida ni saa. Saa saba mchana na kuanzia saa kumi na mbili jioni kila mtu betri yake imeisha pamoja na ya mwenzake, mnajazana pale mpaka mlinzi wa stesheni anaanza kuwafukuza, na kabati limebaki na betri za asilimia sabini ambazo kijana anakuuliza unachukua ama unangoja. Ukichukua sabini bei inafaa ishuke. Kwa kampuni yangu inashuka, kwa ya jirani yangu wa steji analipa ile ile, na huyo jirani ana mdomo lakini kila siku analipa. Ukingoja, wateja wa jioni wamekwenda. Na ujifunze kugusa betri kabla uiweke, ikiwa bado ina joto la kutoka kuchajiwa usiibebe siku ya jua kali, ya moto inaisha mapema kuliko iliyopoa, hiyo nimeiona kwa macho yangu si mara moja.

Kuna swali vijana wa chuo wananiuliza, ati si hiyo stima pia inatoka kwa mafuta tu, kwa hivyo ni moshi ule ule umehamishwa. Hapa Kenya hapana. Stima yetu sehemu kubwa inatoka kwa mvuke wa Olkaria kule Naivasha, maji ya Mto Tana pale Masinga, Gitaru, Kiambere na wenzake, na upepo wa Turkana kule Loiyangalani ambao peke yake ni megawati 310. Jenereta za dizeli zipo, zinawashwa jioni watu wote wakirudi nyumbani wakipika na kuangalia taarifa. Usiku wa manane ndo kinyume, Olkaria wanapata mvuke kuliko watu wanavyotumia mpaka mwingine unaachiliwa hewani bure, ndo maana serikali kupitia EPRA, ile mamlaka ya stima na mafuta, ikaweka bei ya stima ya magari ya umeme na usiku ikawa rahisi zaidi kuliko mchana. Sasa angalia hizi kampuni za betri, ziko na mabetri mamia yamelala kwa makabati usiku yakinywa hiyo stima ambayo ingepotea. Hapo nawapa heko, hiyo ni akili, na ni kazi ambayo mtu mmoja mmoja hawezi kufanya, inataka kompyuta ijue betri gani ijazwe saa ngapi na ipelekwe kituo gani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mazingira ya huu mji naona hicho ndo kitu cha maana kampuni za teknolojia zimeleta, kuliko zile picha za majani ya kijani wamechora kwa ukuta wa ofisi.

Ila stima ikipotea inapotea na wewe. Mnaukumbuka ule usiku wa Agosti 2023 nchi nzima ilizima mpaka uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza? Mwenye Boxer usiku huo alifanya kazi, mwenye ya stima alifanya kazi mpaka betri ikaisha akasukuma. Uliza kampuni yako kama vituo vyao vina akiba. Yangu ina sola kidogo kwa kituo kimoja, vingine vinaomba Mungu kama sisi.

Sasa ile sehemu inaniudhi. Hii pikipiki ina laini ya simu ndani. Kampuni inaona uko wapi, unaenda mwendo gani, umefunga breki namna gani, umelipa ama hujalipa. Kwa wizi ni kitu kizuri, steji yetu pikipiki moja iliibiwa usiku ikapatikana asubuhi imesimama yenyewe kwa njia, mwizi ameiacha akakimbia. Lakini kile kinachomzimia mwizi ndo kinakuzimia wewe pia. Mwenzetu mmoja alilipa na M-Pesa asubuhi, mesej ya M-Pesa anayo, lakini mfumo wao ulikuwa umelala haukuona hiyo pesa, saa nne pikipiki ikakataa kuwaka akiwa na mteja amekaa nyuma mbele ya hospitali. Kupiga simu, subiri, unahudumiwa punde, muziki. Iliwashwa alasiri. Siku yake ilikuwa imeisha na hakuna aliyemrudishia chochote, hata pole hakupewa, aliambiwa awe analipa mapema.

Alafu kuna mipaka. Mimi niko na mduara wangu kwa apu, ndani ya Nairobi na viunga vyake. Nikipata mteja wa Kangundo Road anaenda Joska, hiyo ni pesa nzuri, nikipita Ruai apu inaanza kupiga kelele na kwa kweli hata isingepiga siwezi kuenda kwa sababu huko mbele hakuna kabati hata moja. Kitengela wengine wanafika wengine hawafiki, inategemea kampuni. Mwenye petroli anaweka mafuta Total, Rubis, Shell, ama hata chupa kwa duka la kijijini, hakuna anayemuuliza pikipiki yako ni ya kampuni gani. Sisi betri ya kampuni moja haiingii kwa pikipiki ya nyingine. Petroli stesheni moja nimeona makabati mawili ya kampuni mbili yamesimama bega kwa bega, moja tupu na watu kumi wamepanga laini, lingine limejaa na hakuna mtu. Hapo ndo ujue wanajenga nini, kila mtu anajenga zizi lake. Ikiwa lengo kweli ni hewa ya mji hawa watu wangekaa chini wakubaliane plagi moja na ukubwa mmoja wa betri, na serikali kama haitawalazimisha sasa wakiwa bado wadogo itakuwa ngumu wakishakuwa wakubwa.

Kigali wenzetu wameenda mbele kwa amri, tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria pale mjini haisajiliwi kama sio ya umeme. Ampersand, moja ya hizi kampuni za betri, walianzia huko kabla ya kuja huku. Sijui kama ningependa amri kama hiyo Nairobi leo, na hivi vituo vilivyo, mtu wa Githurai au Mwiki ataweka betri wapi?

Kama hii mambo ya kufungwa na kabati inakutisha kuna njia nyingine, kampuni ya Roam wana ile pikipiki yao ya Air ambayo betri unaitoa unaenda nayo nyumbani unachaji kwa soketi ya kawaida. Hao ndo wale zamani waliitwa Opibus. Uzuri wake unaonekana, haungoji mtu. Ubaya wake ni sisi tunaokaa nyumba za kupanga, gorofa ya nne bila lifti, tokeni za stima ni zako na mwenye nyumba akisikia unachaji pikipiki ndani atakuongezea kodi. Kwa mtu mwenye nyumba yake mwenyewe kule Juja au Rongai ningemwambia aangalie hiyo kwanza.

Na tusidanganyane kwamba hizi nduthi ndo zitaokoa mji. Kwa foleni ya Jogoo Road pikipiki safi bado ni pikipiki, imekaa pale pale. Basi moja la umeme la kampuni ya BasiGo likitoka na watu wamejaa linaondoa moshi mwingi barabarani kuliko sisi wa steji nzima, maana yale matatu mazee ya dizeli yanavyotema mnayajua. Na mpango wao kwa wenye matatu unafanana na wetu, mwenye gari analipa kwa kila kilomita badala ya kununua betri, ambayo ndo ghali. BRT ya Thika Road, yale mabasi ya kupewa njia yao peke yao, tunaingoja na nywele zinageuka mvi. Mimi hapa nafanya kipande changu kidogo, kutoka steji ya basi mpaka mlangoni, na hicho kipande ni kweli kimekuwa kisafi, jioni nikipenga kamasi haitoki nyeusi kama zamani. Samahani kwa wanaokula.

Mambo ya betri zilizokufa nilienda kuuliza ofisini mwenyewe kwa sababu hiyo ndo kitu watu wanasema, ati tunaondoa moshi tunaleta sumu kwa jaa la Dandora. Msichana wa pale alinijibu vizuri kuliko nilivyotarajia, akasema betri ikichoka kwa pikipiki bado ina nguvu ya kutosha kukaa mahali imetulia ikihifadhi stima ya sola, na baada ya hapo inarudi kuvunjwavunjwa. Sheria ya taka ya 2022 inamwekea mwenye kuleta bidhaa jukumu la mwisho wake, na hapa ndo kuna faida ya betri kutokuwa yangu, kama ingekuwa yangu ningeiuza kwa mtu wa vyuma chakavu na tungejua mwisho wake ni wapi. Kwa hiyo point hiyo naiacha kwao, ila ningependa siku moja watuonyeshe mahali hizo betri ziko badala ya kutuambia tu.

Kitu kingine hakisemwi kwa sauti ni krediti za kaboni. Kuna kampuni za aina hii zinahesabu kilomita tunazoendesha bila petroli, zinapiga hesabu ya moshi ambao haukutoka, na hiyo hesabu inauzwa kwa wazungu wanaotaka kufidia moshi wao. Sina ubaya na biashara. Lakini aliyeendesha hizo kilomita kwa jua na mvua ni nani? Nilimuuliza mtu wa mauzo, akaniambia faida yangu imeingia tayari kwa bei ya betri kuwa chini. Sawa, basi iandikwe kwa risiti, betri ingekuwa hivi, kaboni imelipa hivi, wewe lipa hivi. Hajanijibu hiyo.

Nyota? Pikipiki naipa nne na nusu kwa tano, nusu nimekata kwa ajili ya kile kifuniko cha mpira. Vituo vya betri tatu, vingekuwa nne kama si jioni. Huduma ya simu moja, na hiyo moja ni ya yule dada wa zamu ya asubuhi ambaye anashika na anasaidia, jina lake wanalijua.

Kama kazi yako ni ya ndani ya mji, Westlands, Kilimani, South B, Eastlands huku, na unarudi kulala mahali pale pale, chukua, utanishukuru. Kama unakula na safari za mbali, Kamulu, Joska, Limuru ndani ndani, baki na petroli yako kwanza mwaka huu. Kama hujawahi kuwa na pikipiki kabisa na unataka kuanza, angalia hesabu ya mkopo mpaka mwisho, jumla yote, usiangalie ile ya kila siku peke yake.

Na kabla hujatuma dipoziti nenda ofisini kwao mwenyewe na mwenzako mmoja. Uliza siku pikipiki iko gereji kwao malipo yanasimama ama yanaendelea. Uliza betri ya asilimia sabini inauzwa bei gani. Uliza mkopo ukiisha na pikipiki ikawa yako kama bado wana uwezo wa kuizima, hii wengi wanababaika kuijibu. Uliza kampuni ikifunga biashara hiyo pikipiki utaiwekea betri ya nani. Uliza ukizimikiwa usiku njiani nani anakuja na anatokea wapi, alafu omba hiyo namba ya dharura uipigie hapo hapo ukiwa umesimama mbele ya meza yao, uone kama kuna mtu atashika.